Asidi ya yuriki ikipanda, moyo ndio unaumia au figo ndiyo inayolalamika?

#1 MfamasiaTabata
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, mnipige mawe kwa data.

Hoja: kila mwenye presha hapa Dar apimwe asidi ya yuriki (taka ya mwili inayotoka na mkojo). Mwanaume akivuka 420 na mwanamke akivuka 360 (maikromoli kwa lita), aanzishiwe alopurinoli, dawa ya kuishusha, hata kama kidole gumba cha mguu hakijawahi kumvimba. Tunakaa kusubiri jongo (maumivu ya viungo yanayoletwa na fuwele za asidi hiyo) wakati moyo umeshaanza kuliwa.

Msingi wangu: Wamarekani waliwafuatilia watu 5,926 kwa miaka 16 na ushee katika NHANES I, utafiti wa afya na lishe wa taifa lao, matokeo yakatoka 2000. Kila asidi ilipopanda kwa takriban 59, vifo vya moyo na mishipa viliongezeka kwa asilimia 9 kwa wanaume na 26 kwa wanawake, weusi kwa weupe. Ushelisheli, ambako wengi wana asili ya Afrika, utafiti uliochapishwa 2004 ulikuta asilimia 35.2 ya wanaume wako juu ya 420. Zaidi ya theluthi!

Mfano uko kaunta sasa hivi: mwanaume, miaka 58, ana presha. Anameza haidroklorothiazaidi 25 (dawa ya kukojosha), amlodipini 5 na aspirini ndogo ya 75. Asidi ya yuriki 512, kreatinini (kipimo cha figo) 131. Hana maumivu ya kiungo chochote. Huyu mnamwachaje?

#2 Mrija_Mwekundu
Kabla hujafungua kopo la alopurinoli, hiyo 512 imetoka kwenye mashine ya maabara au kwenye kile kifaa cha mkononi cha sukari, kolesteroli na yuriki kwa pamoja?

#3 MfamasiaTabata
Kifaa cha mkononi. Lakini stripu hazijapitwa na muda, nimeangalia mwenyewe.

#4 Mrija_Mwekundu
Tarehe si shida kubwa, shida ni kopo. Stripu nyingi zimeandikwa zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 30. Kaunta ya Tabata saa nane mchana mwezi wa pili, isiyo na kiyoyozi, inapita hapo bila hodi. Ongeza unyevu: kile kifuniko kina dawa ya kukausha hewa ndani yake. Ukikiacha wazi dakika kumi huku unapiga soga na mteja, stripu zilizobaki zote zimeshaonja hewa ya bahari.

Halafu namna ya kutoboa. Spiriti ikaushwe kabisa. Tone la kwanza lifutwe kwa pamba kavu, tumia la pili. Usikamue kidole kama chuchu ya ng'ombe, ukikamua unachanganya damu na maji ya kwenye nyama. Na wingi wa chembe nyekundu unayumbisha stripu: mwenye upungufu wa damu anaweza kusomeka tofauti na hali halisi, na huku kwetu upungufu wa damu si habari ngeni.

Mchukue damu ya mshipani, mrija wa kifuniko chekundu. Iache igande nusu saa, zungusha, tenga seramu, pima kwa kitendanishi cha yurikesi, kimeng'enya kinachovunja asidi hiyo. Mrija wa kijivu wa sukari usitumie, ile floridi inavuruga kimeng'enya. Muulize pia kama anameza vitamini C za dozi kubwa, zile za kuyeyusha kwenye maji: zinakula peroksidi ambayo kipimo kinaitegemea, namba inashuka kwa uongo.

#5 DktWaZamu
Nakazia #4, ila hata mashine ikisema 512 hiyohiyo, mzee huyo namba yake anatengenezewa na daktari wake. Haidroklorothiazaidi inaifanya figo irudishe asidi ya yuriki kwenye damu badala ya kuitoa. Aspirini ndogo nayo hivyohivyo. Dawa mbili kati ya tatu zinasukuma upande mmoja, halafu unataka umwongezee ya nne ya kushusha kilichopandishwa na mbili za kwanza. Hapo tunajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

#6 Kijiko_Kimoja
Daktari, amlodipini uiache salama. Yenyewe haipandishi, ikibidi inashusha kidogo.

#7 DktWaZamu
Ndiyo maana nimesema mbili kati ya tatu, mkuu. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo 😄

#8 Mtakwimu_Ubungo
Mleta mada umeokota nusu ya hadithi. Mwaka mmoja kabla ya hiyo NHANES I uliyoileta, yaani 1999, kundi la Framingham lilichapisha yake: watu 6,763. Kwa wanaume hawakuona uhusiano wa asidi ya yuriki na vifo vya moyo. Kwa wanawake waliuona mwanzoni, wakaweka kwenye hesabu presha, uzito na hasa matumizi ya dawa za kukojosha, uhusiano ukayeyuka. Yaani #5 kwa lugha ya takwimu.

Halafu vikaja vipimo vya vinasaba. Mtu anazaliwa na alama za vinasaba, hakuzichagua, na hazibadiliki kwa pombe wala kwa vidonge. Ukichukua watu waliozaliwa na alama zinazopandisha asidi ya yuriki, ukawalinganisha na wasio nazo, kama asidi ndiyo inaua basi wa kwanza waugue moyo zaidi. Kazi ya Denmark ya 2013 haikuona hivyo kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Uzito wa mwili ndio ulikuwa unavuta vyote viwili kwa mpigo.

Kuna jambo hapo watu wanalipita: alama hizo zilipatikana kwa Wazungu na watu wa Asia Mashariki. Ile ya ABCG2 inayosumbua sana huko Asia, kwa watu wenye asili ya Afrika ni adimu. Kwa hiyo "vinasaba vimekataa" maana yake vimekataa huko kwao.

#9 Nesi_Kinondoni
Kreatinini 131 mmeiruka wote mnakimbilia vinasaba vya Denmark. Figo ya huyo mzee inachuja kiasi gani?

#10 MfamasiaTabata
Nimepiga kwenye programu ya simu, imetoa mililita 60 kwa dakika. Iko mpakani, si mbaya.

#11 Kijiko_Kimoja
Programu yako ilikuuliza kama mgonjwa ni mweusi?

#12 MfamasiaTabata
Ndiyo, nikajibu ndiyo. Kwani si mweusi?

#13 Kijiko_Kimoja
Hapo ndipo umepigwa. Fomula ya 2009 ilikuwa inamzidishia mtu mweusi kwa 1.159, kizidisho kilichotokana na Wamarekani weusi. Bila kizidisho hicho mzee wako ana kama 51. Fomula ya 2021 imeondoa kabisa swali la rangi: ukiweka kreatinini 131, miaka 58, mwanaume, unapata 54 au 55. Figo ileile, damu ileile, ila kwa moja yuko mpakani na kwa nyingine ameshaingia hatua ya tatu ya ugonjwa wa figo.

Na ndiyo jibu la nusu ya uzi huu. Karibu theluthi mbili ya asidi ya yuriki hutolewa na figo, theluthi inayobaki hupitia utumboni. Figo ikichoka, asidi inapanda. Figo ikichoka, moyo nao unaingia hatarini. Unaona viwili vinatembea pamoja, unasema kimoja kimemzaa mwenzake, kumbe wana mzazi mmoja.

#14 Mzee_wa_Supu
Shikamooni wataalamu. Kwa hiyo supu ya asubuhi niache au niendelee? Jibu fupi.

#15 Kijiko_Kimoja
Endelea kusoma kwanza mzee, supu itakuja.

#16 DktWaZamu
#13 nakubali nusu. Kuna upande wa pili: asidi ya yuriki kuwa mkosaji wa mapema, halafu figo kuwa mhanga. Ndani ya seli za ukuta wa mshipa inapunguza naitriki oksaidi, mshipa unashindwa kulegea. Inaamsha renini, kichocheo cha figo kinachopandisha presha. Mishipa midogo inayoingiza damu kwenye figo inanenepa ukuta, na ikifika hapo presha inajitegemea, hata ukishusha asidi haishuki tena.

Ndiyo maana ushahidi mzuri uko kwa vijana. 2008, vijana 30 wenye presha mpya walipewa alopurinoli 200 mara mbili kwa siku na presha ikashuka. Kwa watu wazima majaribio mengi hayakuona kitu. Wengine wanasema hiyo ni ishara kuwa nadharia ni mbovu, mimi nasema treni ilikuwa imeshaondoka stesheni.

#17 Mtakwimu_Ubungo
Vijana 30 daktari. Daladala moja ikijaa vizuri.

#18 DktWaZamu
Najua ni 30. Basi chukua jaribio la LIFE, hao ni zaidi ya 9,000. Dawa mbili za presha, losartani dhidi ya atenololi, na losartani ina tabia ambayo ndugu zake wengi hawana: inaziba mlango wa URAT1 kwenye figo, asidi ya yuriki inatoka na mkojo. Walipochambua baadaye, takriban asilimia 29 ya faida ya losartani kwenye matukio ya moyo na kiharusi iliendana na asidi ya yuriki.

Na jaribio la SHEP, wazee waliopewa klothalidoni, dawa ya kukojosha: wale ambao asidi ilipanda kwa 60 au zaidi walikosa faida ya dawa upande wa mishipa ya moyo, ingawa presha ilishuka. Hilo mnalielezaje kwa figo peke yake?

#19 Mtakwimu_Ubungo
Kwa sababu wale walioguswa na kupanda huko ndio ambao huenda figo zao hazikuwa na akiba. Unachambua baada ya kugawa dawa, hujapiga kura ya nani apande nani asipande. Jaribio la ALLHAT la 2002 lilikuwa na watu zaidi ya 33,000, zaidi ya theluthi weusi, na klothalidoni ilisimama imara mbele ya amlodipini na lisinopri. Ingekuwa asidi inafuta faida, wale weusi ndio wangeonyesha.

#20 Kijiko_Kimoja
Nahofia kuna mtu atasoma #18 akaenda kumnyang'anya mgonjwa haidroklorothiazaidi. Msifanye hivyo kwa namba tu. Jaribio la CREOLE, 2019, watu weusi 728 katika nchi sita za kusini mwa Sahara: amlodipini na haidroklorothiazaidi, au amlodipini na perindopri (dawa nyingine ya presha), zote zilishusha presha kuliko perindopri na haidroklorothiazaidi. Mzee wa #1 yuko kwenye mchanganyiko uliopimwa kwa watu kama yeye. Presha isiyoshuka inaua kwa uhakika, asidi ya 512 bado tunagombana kama inaua.

Ukitaka kubadilisha kwa sababu ya msingi, weka amlodipini na losartani, angalia presha baada ya wiki nne, potasiamu na kreatinini baada ya wiki mbili. Asidi itashuka kidogo kama zawadi.

#21 MfamasiaTabata
Sawa, mmenichapa. Lakini hakuna aliyejibu swali la alopurinoli lenyewe. Ikimpa faida, si tumpe?

#22 Mtakwimu_Ubungo
Lilishajibiwa Uingereza, 2022, jaribio la ALL-HEART. Watu wa miaka 60 na kuendelea wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, bila jongo. Nusu wakapewa alopurinoli hadi 600 kwa siku. Hesabu ya mwisho ilikuwa na watu 5,721: waliopata tukio kubwa la moyo, kiharusi au kifo cha moyo ni asilimia 11.0 kwa wenye dawa na 11.3 kwa wasio nayo. Hakuna kitu hapo.

Kwa figo, 2020, majaribio ya CKD-FIX na PERL: alopurinoli haikuchelewesha figo kuchoka.

#23 DktWaZamu
Na ndani ya ALL-HEART walikuwa weusi wangapi? Wengi mno ni Wazungu. Tena wagonjwa wenyewe ni wa mishipa ya moyo iliyoziba. Ingia wodi ya moyo hapa Muhimbili uone wamelala kwa nini. Sehemu kubwa ni moyo uliopanuka na kushindwa kwa sababu ya presha, si mshipa ulioziba. Utafiti wa Afrika wa THESUS-HF, 2012, wagonjwa 1,006, ulikuta presha ndiyo chanzo cha asilimia 45 ya moyo kushindwa. Unaniletea jibu la ugonjwa wa London kwa swali la ugonjwa wa Mbagala.

#24 Nesi_Kinondoni
Sahihisho dogo: THESUS-HF ilikuwa nchi tisa na Tanzania haimo. Ya kwetu ni TaHeF, ya Muhimbili yenyewe, ilichapishwa 2014, wagonjwa 427. Presha inaongoza nako kwa asilimia 45 hivi, kwa hiyo hoja yako haijaanguka, ila jina lake usilikosee.

#25 DktWaZamu
Nimepokea dada, asante.

#26 Kijiko_Kimoja
Basi twende kwenye moyo ulioshindwa. Huko asidi ya yuriki inapanda kwa njia tatu kwa wakati mmoja: tishu zinakosa oksijeni zinavunja ATP (nishati ya seli) hadi purini, malighafi ya asidi hiyo, figo inapata damu kidogo, na mgonjwa yuko kwenye furosemaidi, dawa ya kukojosha, inayoizuia isitoke. Mwenye asidi ya juu anakufa mapema, hilo halina ubishi. Jaribio la EXACT-HF la 2015 lilichukua watu 253 hasa wenye moyo ulioshindwa na asidi ya 9.5 za miligramu au zaidi, likawapa alopurinoli hadi 600 kwa siku, wiki 24. Asidi ikashuka vizuri sana. Wagonjwa wakabaki vilevile. Kipimo cha mafuta kwenye gari kikisoma chini, ukikigonga kwa kidole sindano ikapanda, tangi halijajaa.

#27 Mrija_Mwekundu
Huo mfano wa tangi umenifurahisha, ila umechanganya vizio na wasomaji watapotea. Mleta mada anaandika maikromoli, wewe miligramu kwa desilita. Zidisha miligramu kwa 59.5. 9.5 ni kama 565. Ile 512 ni 8.6. Kuna vifaa vingine vinaandika milimoli, hapo utaona 0.51 na mtu anadhani yuko salama kwa sababu iko chini ya moja.

Na ile 6.8, ambayo ni kama 404, ndiyo namba yenye maana ya kikemia: juu ya hapo, kwenye nyuzi 37, yureti, yaani chumvi ya asidi hiyo, inaanza kuweza kutengeneza fuwele. Ile 420 ya mwanaume na 360 ya mwanamke mara nyingi ni mipaka ya takwimu ya watu waliopimwa, si mpaka wa ugonjwa.

#28 Bibi_Lishe_Sinza
Niliyekuwa namsubiri ni Mzee wa Supu, amekaa kimya. Majibu haya hapa.

Purini huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha nyama muda mrefu, sehemu nzuri ya purini inahamia kwenye mchuzi. Kwa hiyo anayeacha nyama na kunywa supu "kwa sababu ya jongo" amefanya kinyume. Kongoro lenyewe ni kano na ngozi, si baya kama maini, figo na bandama. Dagaa wakavu ni suala jingine: maji yametoka, kwa hiyo gramu mia ya dagaa mkavu ina purini nyingi kuliko gramu mia ya dagaa mbichi. Ukiwaloweka maji ya moto na kumwaga maji hayo kabla ya kukaanga, unapunguza kiasi. Maharage, kunde na choroko msiziogope, zina purini lakini tafiti za watu hazionyeshi kuongeza jongo. Maziwa na mtindi vinasaidia kushusha.

Soda ndiyo naiona imesahaulika. Sukari ya mezani nusu yake ni fruktosi, na ini likiichakata fruktosi kwa kasi linachoma ATP, mabaki yake yanaishia kuwa asidi ya yuriki. Bia ina mawili: pombe yenyewe, na purini za hamira. Pombe za kienyeji zisizochujwa kama mbege zina hamira yote ndani ya kibuyu.

Pamoja na hayo yote, mlo mkali kabisa unashusha kama miligramu moja, basi. Anayetoka 8.6 hafiki 6 kwa kuacha dagaa.

#29 Mzee_wa_Supu
Kwa hiyo kongoro si baya sana. Nimesoma hapo tu, mengine sikuona 😂

#30 Mtakwimu_Ubungo
Chakula kinanirudisha kwenye swali la "Waafrika". Mwaka 1973 na 1974 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha vipimo vya Watswana wa kijijini, kisha vya weusi wa mjini. Wa kijijini walikuwa chini, wa mjini wamepanda. Tofauti kubwa ni mji. Halafu leo mtu anachukua Jackson Heart Study, watu weusi 5,306 wa Mississippi, anaandika "kwa Waafrika". Hao wanaishi kwenye chakula cha Mississippi.

Hata vinasaba vya figo si vimoja. Alama za APOL1 zinazoharibu figo zimejaa Afrika Magharibi na kwa Wamarekani weusi, ila ukija upande wa mashariki zinapungua, Ethiopia karibu hakuna.

#31 Nesi_Kinondoni
Na kuna mambo yetu ambayo tafiti za Ulaya hazina haja ya kuyahesabu. Selimundu: chembe zinavunjika kila siku, purini zinamwagika, asidi inapanda tangu utotoni, baadaye figo nazo zinachoka. Kifua kikuu: pirazinamaidi ya miezi miwili ya kwanza inapandisha asidi karibu kwa kila anayeimeza, na ethambutoli inasaidia kusukuma. Ukimpima moyo mtu wa mwezi wa kwanza wa dawa za TB kwa asidi ya yuriki unapima dawa.

#32 MfamasiaTabata
Hao wa TB wakilalamika magoti si ndio tuwape alopurinoli?

#33 Kijiko_Kimoja
Hapana! Asidi ya pirazinoiki, ambayo ndiyo inayozuia figo kutoa yuriki, inavunjwa na kimeng'enya kilekile ambacho alopurinoli inakizuia. Ukimpa unamrundikia kile kinachomsumbua. Dawa ya maumivu ya kawaida, na dozi ya TB iendelee.

Nikiwa hapo niseme ya alopurinoli yote, maana naona vidole vinawasha. Anayeihitaji ni mwenye jongo linalorudi, vinundu, au mawe ya yuriki. Anza na 100 kwa siku, figo ikichuja chini ya 60 anza na 50, ongeza taratibu kila baada ya wiki mbili hadi tano ukifuata kipimo mpaka ushuke chini ya 360. Kumwanzisha mtu mwenye figo mbovu na kidonge cha 300 siku ya kwanza ndiko kunakoleta balaa la ngozi. Alama ya vinasaba ya HLA-B*58:01 inaongeza hatari hiyo. Inajulikana zaidi kwa Wachina na Wathai, ila miongozo ya Marekani ya 2020 inataka Wamarekani weusi nao wapimwe. Kipimo hicho hukikuti maabara ya mtaani, kwa hiyo kinga yako ni dozi ndogo na onyo kwa mgonjwa: upele wowote, homa au vidonda mdomoni, acha kidonge siku hiyohiyo na urudi hospitali. Usiichanganye na azathioprini, dawa ya kupunguza kinga ya mwili.

#34 DktWaZamu
Ongeza diklofenaki. Mwenye presha, figo inachuja 54, yuko kwenye dawa ya kukojosha na losartani, jongo linamshika usiku, asubuhi anapita duka la dawa anachomwa sindano ya diklofenaki. Hizo ni dawa tatu juu ya figo moja. Presha inapanda, kreatinini inapaa. Prednisoloni 30 kwa siku tano, ikiwa sukari yake iko sawa, ni salama zaidi kwake. Kolkisini nayo inafaa, 1 mg kisha 0.5 baada ya saa moja, ila figo ikiwa dhaifu punguza, na kama anatumia klarithromaisini au ARV zenye ritonavi usiguse bila kuuliza.

#35 Mtakwimu_Ubungo
Umeitaja kolkisini, hapo kuna kitu. Jaribio la COLCOT la 2019, nusu miligramu kwa siku baada ya shambulio la moyo, lilipunguza matukio ya moyo. Kolkisini haishushi asidi ya yuriki hata kidogo. Inazima uvimbe. Kwa wenye jongo, huenda moyo unaumizwa na moto unaowashwa na fuwele, si asidi iliyoyeyuka kwenye damu.

#36 DktWaZamu
Na fuwele zinatoka wapi kama si kwenye asidi?

#37 Mtakwimu_Ubungo
😄 Hapo umenipata kidogo. Lakini wengi wenye asidi ya juu hawapati jongo maisha yao yote.

#38 Kijiko_Kimoja
Na febuksostati, dawa nyingine ya kushusha asidi? Kuna wanaoiuza kama mbadala salama. Jaribio la CARES la 2018, watu 6,190 wenye jongo na ugonjwa wa moyo: vifo vya moyo asilimia 4.3 kwa febuksostati, 3.2 kwa alopurinoli. Jaribio la FAST la 2020 halikuona tofauti hiyo. Dawa zote mbili zinashusha asidi. Ingekuwa asidi peke yake ndiyo mwamuzi, zingepaswa kufanana kila mahali.

#39 MfamasiaTabata
(wiki tano baadaye) Wakuu narudisha mrejesho wa yule mzee. Daktari wake amemtoa haidroklorothiazaidi akamweka losartani 50, amlodipini imebaki, aspirini imebaki. Presha 134/82. Damu ya mshipani, maabara, mashine: asidi ya yuriki 463. Imeshuka kutoka 512! Losartani imefanya kazi, #18 daktari ulisema kweli.

#40 DktWaZamu
Nilisema mimi 😎

#41 Mrija_Mwekundu
Msianze kupongezana. Ya kwanza ilikuwa stripu, ya pili mashine, hazilinganishwi. Hata zingekuwa mashine moja: asidi ya yuriki ya mtu yuleyule inayumba yenyewe kwa asilimia 8 au 9 siku hadi siku, ongeza yumbayumba ya mashine. Ili useme kwa uhakika kuwa imeshuka, tofauti ifike kama robo. 512 kwenda 463 haifiki hata asilimia 10.

#42 MfamasiaTabata
Kwa hiyo imeshuka au haijashuka?

#43 Mrija_Mwekundu
Rudia kipimo maabara ileile, saa ileile ya asubuhi, baada ya mwezi. Na umwambie asinywe supu ya maini usiku wa kuamkia siku hiyo.

#44 Mzee_wa_Supu
Kongoro je?